Tiba ya Mionzi Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Titi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Maswali haya nimeyasikia kwenye mabenchi ya kliniki, ndani ya matatu inayotoka Kisumu kwenda Nakuru, na jikoni kwa dada yangu mkubwa pale Ahero. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, lakini tiba ya mionzi sikuijua kwa undani mpaka dada yangu alipofanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, nami nikawa msindikizaji wake wa kila siku. Majibu nimeyatoa kulingana na yale yaliyothibitishwa na tafiti kubwa, na pale ninapotoa maoni yangu nimesema wazi kuwa ni yangu. Daktari anayekutibu ndiye aliyeshika ripoti yako ya maabara. Nia yangu ni kwamba uingie chumbani kwake ukijua la kuuliza.

Kama uvimbe umeshatolewa wote, mionzi ni ya nini?

Mpasuaji huondoa kile anachokiona na kukishika. Seli chache za saratani zinaweza kubaki ndani ya titi, kwenye ukuta wa kifua au kwenye tezi za kwapa bila kuonekana na jicho wala na skani, na hizo ndizo mionzi inazozifuata. Jaribio moja kubwa la Marekani liliwafuatilia wanawake 1,851 kwa miaka 20, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Miongoni mwa waliotolewa uvimbe tu bila mionzi, saratani ilirudi katika titi lilelile kwa asilimia 39.2, na kwa waliotolewa uvimbe kisha wakapewa mionzi, ilirudi kwa asilimia 14.3. Jaribio hilohilo lilionyesha kwamba wanawake waliobakiziwa titi waliishi muda sawa na wale waliokatwa titi lote, jambo ambalo lilibadilisha upasuaji wa saratani hii duniani kote.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya pamoja majaribio 17 yenye wanawake zaidi ya 10,000 waliobakiziwa titi, na wakaona kwamba mionzi haikuzuia tu saratani kurudi bali pia ilipunguza vifo. Kwa makadirio yao, kila mara saratani ilipozuiwa kurudi kwa wanawake wanne ndani ya miaka 10 ya mwanzo, mmoja aliepushwa na kifo kufikia mwaka wa 15. Ndiyo maana daktari anapokuambia kwamba upasuaji wa kubakiza titi na mionzi ni tiba moja yenye sehemu mbili, hakulazimishi jambo la ziada.

Nikikubali titi lote likatwe, nitaepuka mionzi?

Huenda, lakini usiamue kwa kulitegemea hilo. Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nimewaona wanawake waliokubali kukatwa titi lote kwa ajili ya umbali tu, ili wasihangaike na nauli na malazi ya wiki nyingi mjini, kisha ripoti ya maabara ikarudi na kuwaambia kwamba mionzi inahitajika vilevile. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja alikuwa na tezi sita zenye saratani. Alikuwa ametoa titi ambalo pengine lingebakizwa, na safari ya mionzi ikawa bado inamngoja. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Baada ya kukatwa titi lote, mionzi kwa kawaida hushauriwa kama tezi nne au zaidi za kwapa zilikutwa na saratani, kama uvimbe ulikuwa mkubwa kupita sentimita tano, kama ulikuwa umegusa ngozi au ukuta wa kifua, au kama seli za saratani zilikutwa kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa. Kukiwa na tezi moja hadi tatu, mazungumzo huwa marefu zaidi. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata katika kundi hilo mionzi ilishusha kurudi kwa saratani kifuani na kwenye tezi, ndani ya miaka 10, kutoka asilimia 20.3 hadi 3.8, na kwamba vifo vya saratani ya titi katika miaka 20 vilipungua kutoka asilimia 50.2 hadi 42.3. Wanawake hao walitibiwa zamani, kabla ya dawa nyingi tulizo nazo leo, kwa hiyo faida ya sasa huenda ikawa ndogo kuliko tarakimu hizo. Lakini ipo, na yafaa daktari ajadiliane nawe kuihusu uso kwa uso. Waliokatwa titi lote na tezi zao zikawa safi kabisa hawakupata faida, na hao kwa kawaida hawapewi mionzi.

Kama ulianza na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kabla ya upasuaji ili uvimbe unywee, daktari wa mionzi huangalia pia hali ilivyokuwa kabla ya kemo, si hali ya siku ya upasuaji peke yake. Kwa hiyo tunza ripoti ya kwanza kabisa, picha za kwanza na barua ya biopsi, kile kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe. Wengi wetu huzitupa tukidhani zimepitwa na wakati.

Kukata titi lote si kosa wala si aibu, na wapo wanaolichagua kwa sababu nzuri. Ninachoomba ni kwamba usichague kabla ya kumuuliza mpasuaji swali hili: “Kwa jinsi uvimbe wangu ulivyo, kuna uwezekano gani kwamba nitahitaji mionzi hata nikikatwa titi lote?”

Kuna tofauti gani kati ya mionzi ya wiki tano, ya wiki tatu na ya wiki moja?

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kwa mtu anayeishi Bondo, Busia, Kakamega au Kericho, maana tofauti kati ya vikao 25 na vikao 15 ni siku kumi za nauli, za chakula cha hotelini na za shamba lisilo na mtu.

Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Utaratibu wa zamani, ambao madaktari wengi walifundishwa, ni grei 50 zilizogawanywa katika vikao 25, kikao kimoja kila siku ya kazi kwa wiki tano. Waliamini kwamba dozi ndogondogo za muda mrefu ndizo zinazoilinda nyama nzuri. Watafiti wa Uingereza waliipima imani hiyo kwa wanawake 2,215, nusu wakipewa utaratibu wa wiki tano na nusu wakipewa grei 40 kwa vikao 15, yaani wiki tatu. Baada ya miaka 10, saratani ilikuwa imerudi katika titi au kwenye tezi za jirani kwa asilimia 5.5 ya waliotibiwa wiki tano na asilimia 4.3 ya waliotibiwa wiki tatu. Madhara pia yalikuwa machache kwa wa wiki tatu: titi halikunywea sana, halikuvimba sana, na mishipa midogo myekundu kwenye ngozi ilikuwa michache. Kanada walifikia hitimisho kama hilo kwa vikao 16. China waliwapima wanawake 820 waliokatwa titi lote na wenye hatari kubwa, wakitibiwa kifua na tezi kwa vikao 15 au 25, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba vikao 15 ni duni.

Kwa hiyo wiki tatu si tiba ya maskini wala si njia ya hospitali kupunguza foleni. Kwa walio wengi ndiyo tiba ya kawaida, na ni bora kidogo kwa ngozi. Ukiambiwa vikao 25, una haki ya kuuliza kwa heshima kwa nini si 15. Sababu zipo, kwa mfano, baadhi ya madaktari bado hupendelea wiki tano kwa mwanamke aliyetengenezewa titi jipya kwa upasuaji, au kwa hali chache ambazo hazikuingizwa vizuri katika tafiti. Lakini sababu itajwe.

Wiki moja ni jambo jipya zaidi. Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wanawake na wanaume 4,096, lililinganisha grei 40 kwa vikao 15 na grei 26 kwa vikao 5 tu. Katika miaka mitano saratani ilirudi upande uleule kwa asilimia 2.1 ya kundi la vikao 15 na asilimia 1.4 ya kundi la vikao 5, na madhara ya ngozi na titi yalikuwa karibu sawa. Jaribio hilo kuu lilihusu titi au ukuta wa kifua bila tezi, kwa hiyo mtu ambaye tezi zake zinahitaji kutibiwa, madaktari wengi bado humpa vikao 15. Kila kikao cha wiki moja hubeba dozi kubwa, na mipango yake inahitaji umakini mkubwa wa vipimo. Kituo ambacho hakijazoea kitakuambia hakifanyi, na jibu hilo ni la uaminifu.

Maoni yangu, baada ya kukaa kwenye mabenchi hayo, ni kwamba katika taratibu zilizothibitishwa kuwa sawa, ulio bora ni ule utakaoweza kuumaliza. Dada yangu alipewa vikao 15. Angepewa 25, najua kabisa angerudi Ahero wiki ya nne, kwa sababu wajukuu walikuwa wanafungua shule.

“Busti” ni nini, na kwa nini mwenzangu ameongezewa siku?

Ni dozi ya nyongeza inayoelekezwa pale tu uvimbe ulipokuwa, baada ya titi lote kutibiwa. Huchukua vikao vinne hadi vinane kwa kawaida. Jaribio la Ulaya lililofuatiliwa kwa miaka 20 lilionyesha kwamba nyongeza hiyo ilipunguza kurudi kwa saratani katika titi kutoka asilimia 16.4 hadi 12.0, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake wa miaka 40 kwenda chini: kutoka asilimia 36.0 hadi 24.4. Haikuongeza urefu wa maisha, na titi liliweza kuwa gumu zaidi mahali pale. Kwetu Kenya wanawake wengi hugunduliwa wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya, kwa hiyo usishangae ukiona wengi kwenye foleni wanaongezewa siku. Haina maana kwamba hali yao imeharibika.

Je, titi lote ni lazima litibiwe, au sehemu tu?

Kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi wenye uvimbe mdogo, wa aina isiyo kali, na tezi safi, kutibu sehemu tu iliyozunguka kovu kumeonekana kutosha, kwa mashine ileile ya kawaida. Kuna pia njia ya kuweka chanzo cha mionzi ndani ya titi, na njia ya kutoa dozi moja mezani wakati wa upasuaji. Hii ya mwisho huokoa safari zote, lakini katika majaribio saratani ilirudi ndani ya titi mara nyingi zaidi kuliko kwa mionzi ya titi lote, na katika safari zetu sikukutana na kituo kinachoitoa.

Tezi za kwapa na za juu ya mfupa wa mtulinga hutibiwa pale zilipokutwa na saratani. Hii huongeza uwezekano wa mkono kuvimba baadaye, hasa kama mpasuaji alizitoa tezi nyingi, na ni vizuri kulijua mapema.

Naweza kuacha mionzi kabisa?

Wapo wanaoweza, ila ni wachache kuliko tunavyotamani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uliwahusu wanawake 1,326 wa miaka 65 na zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimita tatu, tezi safi, saratani inayolishwa na homoni, na waliokuwa wakimeza dawa ya kuzuia homoni. Katika miaka 10, saratani ilirudi katika titi lilelile kwa asilimia 9.5 ya waliokosa mionzi na asilimia 0.9 ya waliopata, lakini idadi ya waliokuwa hai ilikuwa karibu sawa kabisa, takriban 81 kwa kila 100 pande zote mbili. Bibi wa miaka 72 mwenye sifa hizo zote na aliye tayari kumeza kidonge kila siku kwa miaka mitano anaweza kuamua, akiwa na daktari wake, kubaki nyumbani bila mionzi. Mwanamke wa miaka 43 mwenye tezi zilizoguswa hawezi kujipima kwa bibi huyo, hata kama wote wawili ni wa kijiji kimoja na wamepasuliwa wiki moja.

Mashine ya kobalti na linaki zina tofauti gani?

Mashine ya kobalti hutumia chuma kinachotoa mionzi chenyewe wakati wote, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi, kwa hiyo chanzo kikizeeka kikao huwa kirefu. Linaki hutengeneza mionzi kwa umeme, na ikizimwa hakuna mionzi inayobaki. Linaki huelekezwa kwa usahihi zaidi, huitunza ngozi zaidi na huuepuka moyo na mapafu kwa urahisi. Kobalti imeponya watu wengi sana na si ya kudharauliwa, lakini ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua linaki, hasa kwa titi la kushoto.

Titi langu ni la kushoto. Moyo wangu utaumia?

Hofu hii ina msingi, na wanaoijibu kwa kusema “usijali” hawakutendei haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kila grei moja ya wastani inayoufikia moyo huongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Soma vizuri: ni asilimia 7.4 ya hatari uliyokuwa nayo tayari, si watu saba kwa kila mia. Kama hatari yako ilikuwa ndogo, hubaki ndogo. Kama una presha isiyodhibitiwa, kisukari au unavuta sigara, msingi wako uko juu na kila nyongeza huhesabika.

Kuna njia rahisi ya kuulinda moyo. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kuishikilia kwa sekunde kama 20 wakati mionzi inapigwa. Mapafu yakijaa hewa, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua. Dada yangu alifundishwa kwa dakika chache tu. Alifanya mazoezi jioni akiwa amelala kwenye mkeka, nami nikimhesabia kwa sauti, na siku ya tatu akafika 25. Uliza kama kituo chako kinatumia njia hiyo, na kama hakitumii, uliza moyo wako utapata dozi kiasi gani. Mwanafizikia wa kituo huwa na jibu katika kompyuta yake.

Siku ya kupanga tiba inakuwaje?

Siku hiyo hakuna mionzi ya tiba. Unalazwa kwenye meza ngumu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, unapigwa skani ya CT, kisha mtaalamu anachora alama kwenye ngozi ili kila siku ulale vilevile. Vituo vingine huweka nukta ndogo za kudumu kwa sindano, vingine hutumia wino.

Mambo mawili yalitukwamisha, na yote mawili yangezuilika. La kwanza, mkono wa dada yangu haukuinuka. Tangu upasuaji alikuwa ameukumbatia kifuani ndani ya leso kama mtoto mchanga, kwa kuogopa kufungua kidonda, na hospitali aliyopasuliwa haikumwelekeza mazoezi yoyote. Tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta wa jikoni akautembeza mkono juu kwa vidole, hatua kwa hatua, nami nikiweka alama ya makaa pale alipofika. Siku ya kumi na moja alama ilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Anza zoezi hilo mapema, kwa ruhusa ya mpasuaji wako.

La pili lilikuwa wino. Jumamosi jioni dada yangu alijisugua kwa dodoki ili aende kanisani akiwa msafi, na Jumatatu alama mbili hazikuonekana. Ikabidi zipimwe upya. Oga kwa maji na sabuni laini, pitisha mkono bila kusugua, na alama ikififia usijichoree mwenyewe kwa kalamu ya nyumbani.

Watu husema ni “kuchomwa”. Nitaungua?

Neno hilo limewatisha wengi na sipendi kulitumia. Wakati wa kikao husikii chochote isipokuwa mlio wa mashine, na kwa dakika kumi au kumi na tano umeshatoka. Ngozi ndiyo hubadilika polepole: katika wiki ya pili au ya tatu huwa nyeusi zaidi, kavu, yenye kuwasha, na wakati mwingine huchubuka chini ya titi au kwapani. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani wazi, kwa hiyo usisubiri wekundu. Sema mara tu unapohisi joto, maumivu au unyevunyevu. Hali hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya kikao cha mwisho, kisha hupona. Mafuta laini yasiyo na manukato yanatosha. Dawa za mitishamba usipake bila kuwaambia wahudumu.

Uchovu huja pia, na si uvivu. Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ya titi. Baadaye, kwa wachache, titi huwa gumu au dogo, mkono huvimba, au sehemu ndogo ya pafu hupata kovu. Anayevuta sigara aache sasa, maana sigara na mionzi ya kifua kwa pamoja huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Mionzi ianze lini, na dawa zangu nyingine?

Bila kemo, huanza jeraha likishapona, kwa kawaida ndani ya wiki nane hivi. Ukiwa na kemo, kemo hutangulia na mionzi hufuata wiki tatu hadi sita baada ya dozi ya mwisho. Trastuzumab, dawa ya saratani wanayopewa baadhi ya wagonjwa, inaweza kuendelea wakati wa mionzi. Tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, madaktari wengine huitoa pamoja, wengine baadaye. Anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kupata mionzi kama mtu mwingine yeyote, na dawa za ARV asiziache hata siku moja. Mwambie daktari kama una lupasi (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) au ugonjwa wa kukakamaa ngozi, kama uliwahi kupigwa mionzi kifuani, au kama una mimba. Mionzi ya titi haitolewi kwa mjamzito.

Niende wapi, na SHA (bima ya afya ya serikali) italipa?

Kwa watu wa magharibi, safari huwa ni ya Eldoret, Nakuru au Nairobi. Nakuru kuna kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi katika hospitali ya rufaa ya kaunti, na kwa mtu wa Kericho, Bomet au Kisumu kimepunguza ile safari ya Nairobi ambayo zamani haikuwa na njia mbadala. Kabla ya kufunga mzigo piga simu uulize mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii, foleni ya kuanza ni ya muda gani, na wanatoa vikao vingapi kwa titi.

SHA ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, kifurushi cha saratani kiliwekwa kuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Viwango hivi serikali huvirekebisha, kwa hiyo uliza dirishani kiwango cha sasa. Jambo ambalo familia nyingi hazilioni mapema ni kwamba kemo hulipwa kutoka kifurushi hichohicho. Ukimaliza kemo, uliza salio kabla ya kupangiwa mionzi, na hakikisha mchango wako umelipwa, maana idhini ya SHA huombwa kabla ya kuanza. Malazi na nauli SHA hailipi. Sisi tulipanga chumba Free Area, mtaa wa Nakuru, kwa wiki tatu, tukajipikia, na gharama ikawa chini ya kusafiri kila siku. Isitoshe, mgonjwa alilala mchana.

Nikikosa siku au mashine ikiharibika?

Siku moja haiharibu tiba. Siku nyingi zikikosekana, seli zilizobaki hupata nafasi ya kujijenga, na daktari hulazimika kufidia kwa kuongeza kikao au kuhamishia tiba mahali pengine. Mashine ilipokwama siku mbili tulikaa Nakuru, hatukurudi nyumbani, na siku ya tatu asubuhi tuliitwa. Waliokuwa wamerudi kwao walipoteza karibu wiki nzima. Waachie wahudumu namba mbili za simu.

Naweza kumbeba mjukuu wangu baada ya kikao?

Ndiyo. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Lala na mumeo, pika, beba mtoto, mradi upande uliotibiwa hauumi.

Baada ya kumaliza, nini hufuata?

Vidonge vya homoni, kama umepangiwa, huendelea kwa miaka mitano au zaidi. Titi lililobakizwa hupigwa mamogramu (picha ya eksirei ya titi) ya kwanza miezi sita hadi kumi na mbili baada ya mionzi, kisha kila mwaka, na titi la pili hupigwa pamoja nalo. Nenda na picha za zamani, kwa sababu titi lililotibiwa hubadilika umbo na msomaji wa picha anahitaji la kulinganisha. Omba pia karatasi ya muhtasari inayoonyesha dozi, idadi ya vikao na sehemu zilizotibiwa. Ya dada yangu imo ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kitambulisho chake na kadi ya kliniki, na kila binti yake anajua bahasha hiyo iko kabati gani.